Karatasi ya Kujaribia Printa

Baba yangu alikataa kuhamia mfumo mwingine wa kompyuta kwa zaidi ya mwaka mzima, na siku alipokubali nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Nalisema hili mapema kwa sababu furaha ile inaniuma mpaka leo. Nilikuwa dukani kwangu Mwanjelwa, jijini Mbeya, steshenari ndogo ya kuchapa, kutoa kopi na kupiga picha za pasipoti. Simu ikaita, na baba hakuuliza hata habari za wajukuu. Alisema tu niende nikaihamishe ile mashine yake, anataka iwe sawa. Nikamwambia Jumamosi nitakuwa Iringa, nikakata simu huku nacheka peke yangu mbele ya wateja.

Ugomvi wenyewe ulikuwa hivi. Baba ni mwalimu mstaafu wa hisabati, anaishi na mama pembeni ya mji wa Iringa, na amekuwa katibu wa usharika wao tangu mimi sijaolewa. Ni yeye aliyeniingiza kwenye Linux, mfumo huria wa bure, miaka ile ambayo wengi wetu huku tulikuwa tunatumia nakala za wizi za mfumo wa kununua, zimejaa virusi vinavyokula kazi ya mtu usiku na mchana. Aliupata kwenye CD aliyopewa katika semina ya walimu. Aliupenda kwa sababu haukuwa wa wizi, na kwa sababu mtu yeyote aliruhusiwa kuufungua ndani aone ulivyotengenezwa. Mwalimu wa hisabati ambaye pia ni mzee wa kanisa, huwezi kumpa kitu kitamu kuliko hicho. Aliuhubiri mfumo ule mpaka mchungaji akaomba wamuwekee na yeye.

Shida ya baba ni kwamba akishapenda kitu hakiachi. Toleo lake lilizeeka, waliolitengeneza wakaacha kulihudumia, na kurasa nyingi za mtandao zikawa hazifunguki. Toleo jipya la mfumo ule ule lilikuwa zito mno kwa laptop yake, laptop ambayo ina umri wa mwanangu wa kwanza. Mimi dukani nilishahamisha mashine zote kwenda kwenye mfumo mwingine, huria vile vile, mwepesi, uliotengenezwa makusudi kwa mashine kongwe. Nikamshauri na yeye ahame. Nikamwambia ni sawa na kutoka usharika mmoja kwenda mwingine, dini inabaki ile ile. Alinijibu kwamba wanaohamahama sharika ni wale waliofukuzwa kwaya. Tukabishana hivyo kwenye simu karibu kila mwezi, na kila mara nilimaliza nikiwa na hasira, maana baba anajua kubishana na hapandishi sauti.

Basi Jumamosi ile nilitoka nyumbani Iyunga alfajiri, nikafika Iringa mchana. Ilikuwa Agosti, upepo ule wa Iringa unapuliza vumbi mpaka kwenye meno. Nilimwamkia baba pale mlangoni, akaitikia, akanipokea begi. Niliona koti linampwaya. Nataka nikiri hilo: niliona. Nikajiambia kwamba mama amemnunulia koti kubwa la mtumba, nikapita ndani nikanywe chai.

Alikuwa amejiandaa. Juu ya meza aliweka karatasi yenye orodha ya vitu ambavyo visipotee kwa namna yoyote: kumbukumbu za vikao vya wazee, majina ya wanakwaya, ratiba za ibada, picha za harusi yetu sisi watoto. Mwandiko wake ule wa ubaoni, ulionyooka. Mwisho wa orodha alikuwa ameandika kwamba nimfundishe mama kuwasha, kufungua faili na kuchapa. Nikamuuliza tangu lini mama anahitaji kompyuta. Akasema ni vizuri ajifunze, nyumba isitegemee mtu mmoja. Nikaona hayo ndiyo maendeleo, mzee sasa amefunguka kichwa. Akachukua kofia yake akaenda kwenye kikao cha wazee kanisani.

Kazi ya kuhamisha mfumo ni ya subira. Kwanza nilinakili folda zote kwenye flashi, nikahesabu mafaili huku na huku mpaka idadi zikalingana, kisha nikanakili tena kwenye flashi ya pili kwa sababu flashi siziamini. Nikauwasha mfumo mpya kutoka kwenye flashi ya tatu bila kuusimika, nione kama sauti inatoka, kama mtandao unashika, kama herufi zote za kibodi zinaitika. Ziliitika. Halafu ndipo unafika ule ukurasa unaokuuliza kama una uhakika unataka kufuta diski yote. Nimeubonyeza mara nyingi dukani, na kila mara huziangalia flashi zangu kwanza. Nikabonyeza. Mfumo wa baba, wa miaka yote ile, ukaondoka, na mpya ukakaa mahali pake kwa muda ambao mama alitumia kuchambua sinia moja la maharage.

Nikarudisha mafaili, nikamwita mama akae kwenye kiti cha baba. Alikishika kipanya kama kitu kinachoweza kumng'ata. Lakini mama si mzito wa kuelewa. Alisoma mpaka darasa la saba na ameongoza umoja wa wanawake muda mrefu. Baada ya dakika chache alikuwa anafungua na kufunga folda mwenyewe, anasoma majina yake kwa sauti. Nikamwambia sasa tujaribu printa.

Hapa ndipo mazoea ya kazi yangu yaliponiponza. Ukiunganisha printa, mfumo hukupa ukurasa wake wa majaribio, una nembo na mistari ya rangi. Sisi wa steshenari hatuujali. Ukurasa ule hutoka vizuri hata kama kila kitu kingine kimeharibika. Sisi hufungua kazi ya kweli, yenye fremu, jedwali na nafasi ya picha, tukaichapa hiyo, ndipo tunajua kama fonti zimehama salama na pambizo hazijakatwa. Kati ya kazi zote, inayofaa zaidi ni wasifu wa marehemu. Una fremu, una msalaba juu, una kisanduku cha picha, na una kurasa mbili. Baba, kwa ukatibu wake, ndiye huwachapia wafiwa wa usharika wao, kwa kutumia kiolezo nilichomtengenezea mimi. Nikafungua folda ya misiba, nikachagua faili la juu kabisa, ambalo ndilo jipya kuliko yote. Liliitwa "Rasimu". Kisanduku cha picha kilikuwa kitupu.

Mchapaji akijaribu printa hasomi maneno. Watu hawaamini nikiwaambia hivyo, lakini ndivyo ilivyo: macho yanatazama mistari, nafasi, fonti. Niliona fonti imebadilika kidogo na mstari mmoja umerukia ukurasa wa pili, nikarekebisha, nikatuma. Printa ikakohoa, ikavuta karatasi. Mama alikuwa karibu nayo zaidi, akaichukua ya kwanza akavaa miwani. Nilikuwa nimeinama natafuta waya wa chaja.

Mama akasema, "Umechapa historia ya baba yako."

Nilidhani amechanganya. Nikasema hapana mama, ni karatasi ya kujaribia tu, ni ya mtu wa usharika. Alinigeuzia ile karatasi na kidole chake kikiwa chini ya mstari. Wasifu wa marehemu, halafu jina la baba yangu, yote matatu. Alizaliwa katika kijiji kile kile, mtoto wa pili wa babu yetu. Shule alizosoma, shule alizofundisha, ndoa yake na mama, watoto wanne, na mimi nikiwa wa tatu. Tarehe ya kufariki ilikuwa nukta tupu, nukta nyingi, kama zile ninazoweka kwenye fomu ili mtu ajaze kwa kalamu.

Nilisikia printa ikiendelea, ikimalizia ukurasa wa pili, na sikutaka umalizike. Kwetu mtu haandikiwi wasifu akiwa hai. Hata mgonjwa aliyelala miezi, familia inakuja kwangu siku ya msiba, saa ile ile, wamevaa khanga viunoni, na kazi inafanyika kwa haraka huku wanalia. Kuandika kabla ni kukiita kifo kwa jina. Na huyu mzee amejiandikia mwenyewe, kwa fonti yangu, ndani ya fremu yangu.

Ukurasa wa pili niliushika mimi. Sehemu ya kuugua ilikuwa imejazwa. Ilisema kwamba marehemu alianza kusumbuliwa na tezi dume mwezi wa saba mwaka huu, akapimwa katika zahanati ya jirani, na kwamba baada ya hapo binti yake alimchukua akampeleka Mbeya katika hospitali ya rufaa, ambako watoto wake wote walisimama naye, madaktari wakajitahidi kwa uwezo wao wote, lakini hali iliendelea kuwa mbaya. Chini yake kulikuwa na ule mstari wa mwisho ambao wote mnaujua, Bwana alitoa na Bwana ametwaa.

Binti yake ni mimi. Hawana binti mwingine. Mimi sikuwa nimempeleka mtu popote. Nilisoma mara ya pili kama mtu anayetafuta kosa la chapa, kwamba labda neno moja limeingia pasipo pake na likitoka kila kitu kitakuwa sawa. Hakukuwa na kosa. Baba haandiki makosa.

Mama akaniomba ukurasa ule. Akausoma polepole, midomo ikitembea. Nilisubiri apige kelele, nikawa tayari kumshika asianguke. Alipomaliza alivua miwani akasema, "Hapa kwenye mwezi amekosea. Haikuanza mwezi wa saba. Ilianza kabla ya Pasaka."

Nikamuuliza amejuaje. Akasema yeye ndiye anayefua nguo za huyo mzee, na damu anaijua. Alikuwa ameiona kwenye suruali za kulalia tangu mwezi wa tatu, akafua, akaanika, akanyamaza akisubiri mwenye suruali aseme mwenyewe. Na mwenye suruali naye alikuwa ananyamaza ili mkewe asipate presha. Watu wawili, kitanda kimoja, miezi mitano. Nilikasirika mpaka nikaogopa hasira yangu. Nilimwambia mama maneno ambayo mtoto hapaswi kumwambia mama yake, kwamba hata mbuzi akiumwa mnaita watu. Akaniacha niseme. Kisha akasema, taratibu, "Na wewe umefika saa saba. Hukuliona koti?"

Niliinama nikaokota waya wa chaja.

Tulikaa pale tumezungukwa na nyaya. Sikuweza kuacha kufikiria wasifu wote niliowahi kuchapa Mwanjelwa. Sehemu ya kuugua ndiyo watu huisikiliza kuliko zote. Msomaji akiwa anataja elimu na kazi, watu wananong'ona, wanapanga viti, wanatuliza watoto. Akifika kwenye kuugua, msiba wote unanyamaza. Wanataka kusikia alipelekwa wapi, alipelekwa na nani, na mapema au wamechelewa. Hospitali kubwa isipotajwa hapo, familia itasemwa makaburini, itasemwa jikoni, itasemwa mwaka mzima. Nimeshuhudia ndugu wakivutana mbele ya kaunta yangu juu ya sentensi hiyo moja. Na mimi nilikuwa nachapa tu, nikiamini kila neno, nikisikitika kwamba jamani, huyu naye walimhangaikia hivi na bado akaondoka. Ni wangapi kati yao walipelekwa kweli? Swali hilo lilinitisha karibu sawa na karatasi yenyewe.

Baba alirudi jua likiwa bado juu. Alisimama mlangoni, akatazama skrini yenye rangi ngeni, akauliza kama mafaili yote yamehama salama. Kisha akaziona karatasi mapajani mwa mama. Alivua kofia akakaa kwenye kiti cha wageni, ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Baba," nikasema, "umeandika nilikupeleka hospitali. Nilikupeleka lini?"

Alikunja kofia, akaikunjua. Akasema lazima iandikwe hivyo. Nikauliza lazima ya nani.

"Siku ile watu husikiliza hapo tu, mama," akasema. Huniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. "Sikutaka waseme mnafanya kazi mjini, mna maduka, na baba yenu amefia nyumbani. Nyie hamna kosa. Niliwaficha mimi. Sasa mimi nife na nyie mbaki mnasemwa?"

Nilikuwa nimeandaa maneno makali, na nilikuwa nayo mengi. Nikayaacha. Mzee huyu alikuwa ameona kifo chake kinakuja, na jambo lililomkosesha usingizi lilikuwa jina langu mimi kwenye midomo ya majirani. Alikuwa amekubali kusema uongo mbele ya kanisa zima, akiwa ndani ya jeneza, yeye ambaye aliwahi kunichapa kwa kusema nimeoga kumbe nimelowesha miguu tu. Na kule kukubali kuhama mfumo, ambako mimi nilikusherehekea, kulikuwa ni kupanga vitu vyake ili mama aweze kuwasha mashine, kufungua folda ile, kujaza nukta na kuchapa.

Mama ndiye aliyeuliza kwa nini basi asiende hospitali kweli. Baba akasema shida ni daktari. Daktari wa magonjwa hayo pale mjini alikuwa mwanafunzi wake. Alimfundisha aljebra kidato cha tatu, akamchapa viboko kwa kutofanya mazoezi. Hawezi kwenda kuvua suruali mbele ya yule kijana. Kule zahanati walimpa karatasi ya kwenda kwake, akaiweka katikati ya kitabu cha nyimbo. Mama aliposikia hivyo alitoa sauti ambayo sikujua ni kicheko au kilio, na nadhani hata yeye hakujua. Kisha akamwambia, kwa Kihehe, maneno ambayo sitayaandika, halafu kwa Kiswahili ili na mimi nisikie vizuri: "Mwalimu, mimi sitakaa kanisani nisikilize uongo juu ya mume wangu. Jumatatu unakwenda Mbeya na mwanao."

Alikwenda. Jumapili alisali, Jumatatu tukasafiri, na njia nzima alinisimulia mambo ya usharika kana kwamba tunakwenda harusini. Kwa sasa yupo kwangu Iyunga, anaendelea na matibabu. Wiki nyingine ni nzuri na wiki nyingine si nzuri, na sijui mwisho wake. Asubuhi anapokuwa na nguvu hukaa na ile laptop akilalamika kwamba mfumo mpya umeweka kitufe cha kuzimia upande usio na akili.

Lakini ninachotaka kuandika ni siku ile ya kwanza pale hospitali. Daktari alikuwa mwanamke, mdogo kuliko mimi, na kwa bahati hakuwahi kufundishwa na baba. Alimpima, akasoma majibu ya damu, akasoma karatasi ya zahanati yenye mikunjo. Akauliza dalili zilianza lini. Baba akaanza kusema mwezi wa saba, akasita, akasema kabla ya Pasaka. Daktari akaweka kalamu chini. Alinitazama mimi, si baba, akanitazama kuanzia kwenye viatu.

"Mzee umechelewa sana," akasema. "Watoto wako walikuwa wapi siku zote hizo?"

Masikio yangu yakawa yanawaka. Nilijua hili swali lingekuja siku moja, ila nilidhani litakuja kutoka kwa majirani. Baba alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, shati halijafungwa vifungo, anaangalia sakafu. Kisha akanyanyua kichwa kama alivyokuwa akikinyanyua darasani.

"Hawakujua," akasema. "Niliwaficha. Andika hivyo, daktari, kwamba mgonjwa aliwaficha watoto wake."

Daktari akachukua kalamu yake, akaandika. Nikalia pale pale, mtu mzima na mkoba wangu mapajani, na baba akawa anafunga vifungo vya shati kimoja kimoja, hanitazami.